Kimya Kingi

Mvua ya Greenock hainyeshi, inahamia.
Iliingia Jumanne na mizigo yake
na leo Jumamosi bado haijaaga.
Kwa hiyo pikipiki iko jikoni,
juu ya magazeti na shuka kuukuu la hospitali:
Honda hamsini ya mwaka sabini na moja,
ndogo kama mbuzi aliyekatazwa kukua.

Niliinunua kwa Bi Elspeth wa ghorofa ya juu
kwa pauni arobaini na sufuria ya pilau.
Ilikuwa stoo ya makaa, chini ya zulia,
pale Tam, mumewe, alipoiegesha siku moja
akiwa na nia ya kurudi.
Miaka kumi na tisa.
Panya walizalia ndani ya kiti.
Buibui alitanda kwenye taa, akazeeka,
wajukuu wakarithi.

"Utaiweza, Kerry?"
Jina langu ni Mwanakheri, lakini ngazi zile ni ndefu
na pumzi zake hazitoshi majina marefu.
Nikasema nitaiweza. Maji nimekwisha yavulia nguo.

Basi usiku nikitoka zamu ya kufua,
mikono bado inanuka dawa ya mashuka,
nakaa kigodani na bisibisi.
Skrubu ya kwanza ilikataa. Ya pili ilikubali kwa vitisho.
Ya tatu ikakatika kichwa,
nikaitukana kwa Kidigo, lugha ninayoitunzia kazi hiyo.
Kabureta nimeichemsha kwa siki na ndimu
katika sufuria ambayo haitaona tena wali.
Tenki nimelitia kokoto, nikalitikisa kama kayamba
hadi kutu ikamwagika, nzito, rangi ya uji wa ulezi.
Pistoni ilikuwa imeng'ang'aniana na silinda
kama ndugu wagombanao mirathi:
wiki mbili, kila asubuhi tone la mafuta,
kila asubuhi kigongo cha mbao, taratibu,
na asubuhi ya kumi na tano, bila sababu, ikateleza.
Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Chini ya kiti, katika kisanduku cha zana,
nilikuta glavu ya sufu, ya kushoto, moja,
na kikaratasi cha penseli:
*mkate, oili, betri za redio ya E.*
Sijui kama vilifika nyumbani.
Kikaratasi nimekirudisha palepale.
Glavu nilimpelekea. Aliivaa, akatazama kiganja,
akaniuliza kama nimekula.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema.
Hawakusema kimya cha miaka mingapi.

Leo saa kumi jioni nimeisukuma uani,
mvua ikitupiga sote wawili.
Kiki ya kwanza: kikohozi.
Ya tano: hata kikohozi hakuna.
Ya kumi na moja ilinirudishia teke la ugoko.
Iliyofuata sikuihesabu.
Moshi wa buluu, kisha mlio mwembamba,
mlio wa cherehani iliyotukanwa,
na kifuniko cha pipa la taka kikaanza kutetemeka
kwa furaha ama kwa hofu.

Dirisha la juu halikufunguka.
Nikazima, nikapanda kumwambia.
Mlango ulikuwa wazi. Bi Elspeth kasimama,
birika linapiga mluzi, mezani vikombe viwili,
kimoja kikubwa, chenye ufa, ambacho sijapata kukiona.
Anavitazama kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.
"Mkono umekwenda wenyewe," akasema.
"Enzi zile za kiwanda cha meli,
nikiusikia tu ule mlio kwenye kona, nabandika maji."
Kisha, kwa ukali kidogo: "Haya, keti. Itapoa."

Chai nzito, sukari tatu,
kama alivyoipenda mtu mwingine.
Nimeinywa yote.

Nimeshuka. Mvua ipo.
Juu ya meza yangu, ndani ya kisosi,
imebaki springi moja, ndogo kuliko ukucha,
na sijui inakotakiwa.